Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kushika Imani Katika Safari Fupi ya Misheni Uganda

Majibu haya ni ya timu za siku saba hadi kumi na nne zinazokuja Uganda kutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo, pamoja na Waganda wanaotumwa wilaya zisizo zao. Maswali ya vifaa na ratiba yamo pale tu yanapogusa hali ya moyo. Yanaigusa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

## Kabla ya kuondoka

1. Nimekauka kiroho. Je, nisubiri moto uwake tena ndipo niende?

Usisubiri kwa sababu hiyo peke yake. Ila usije ukitarajia safari ikuponye ukavu. Ratiba imebana, usingizi ni mchache, choo ni cha shimo, na tangu asubuhi kila mtu anakuita mtumishi. Mazingira hayo hayajazi mtu, hutumia alichokuja nacho. Mwambie kiongozi wa timu mapema kwamba uko mkavu, akupe kazi isiyokuweka madhabahuni kila siku: watoto, jikoni, ujenzi, kubeba maji.

Kuna hali tatu ambazo kwa kipimo chetu zinatosha kuahirisha: umefiwa na mtu wa karibu ndani ya miezi mitatu, una sonona au hofu kali ambayo daktari haijui, au una ugomvi na mtu wa timu hiyo hiyo ambao bado haujasuluhishwa. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huificha, nayo ndiyo hulipuka kwanza.

2. Nianze kujiandaa lini, na nifanye nini hasa?

Wiki sita kabla. Wiki mbili za kwanza soma Injili ya Marko. Ina sura 16, kwa hiyo sura moja kwa siku, na siku mbili kati ya hizo sura mbili. Angalia ni mara ngapi Yesu anaondoka kwenye umati.

Wiki ya tatu na ya nne kariri Zaburi 121. Ina aya nane, ni zaburi ya wasafiri, na aya mbili kila siku tatu zinatosha. Tunasisitiza kukariri kwa sababu saa zako ngumu hazitakukuta umeketi na Biblia mkononi. Zitakukuta kwenye foleni ya mpakani Malaba, au nyuma ya boda boda kwenye barabara ya murram, au macho wazi saa nane usiku.

Wiki ya tano tafuta waombezi watatu. Ombi la "mniombee" halishikiki, kwa hiyo mpe kila mmoja ratiba: Jumanne tunavuka mpaka, Jumatano nafundisha watoto, Ijumaa tuko kwenye makazi ya wakimbizi. Mwombezi mwenye ratiba huomba. Asiye nayo hukumbuka ukisharudi.

Wiki ya sita lala. Timu nyingi hufanya kesha tatu mfululizo wiki ya mwisho, kisha zinafika zimechoka kama zinazorudi.

3. Biblia ya kwenye simu si inatosha?

Haitoshi. Vijijini umeme hukatika, na mwenyeji anayekutazama ukisoma simu hajui kama ni Zaburi au ni mazungumzo ya kikundi. Beba Biblia ndogo ya karatasi, na ile ya simu ipakue isomeke bila intaneti. Kama unaweza, uwe pia na ya Kiingereza, kwa kuwa mkalimani wako huenda ameizoea hiyo.

4. Nifunge wakati wa safari?

Funga kabla, na mfungo uishe angalau siku mbili kabla ya kuondoka.

Ukiwa njiani mambo matatu yanakataza. Kwanza ni dawa za kinga ya malaria. Doksisaiklini ikimezwa tumbo tupu huleta kichefuchefu, na ikimezwa kwa maji kidogo ukalala papo hapo huweza kuchoma koo la chakula. Atovakwoni-proguanili hufyonzwa vizuri ikiwa na chakula chenye mafuta. Pili ni jua la kaskazini, Yumbe au Adjumani, ukiwa umesimama kwa muda wa saa nne. Tatu ni mama mwenyeji aliyeamka saa kumi usiku kukupikia matoke, anayeona sahani imerudi kama ilivyokwenda. Luka 10:8 iliwaagiza waliotumwa wale wanachoandaliwa. Ukitaka kujinyima, jinyime simu baada ya chakula cha jioni.

5. Kuna karatasi gani ambazo zikikosekana zitaninyima amani?

Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya dharura ya safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usichanjwe mkesha wa safari. Kadi ya simu husajiliwa kwa jina lako mwenyewe, usikubali kuazimwa jina la mtu.

Beba barua ya kanisa linalokualika, yenye mihuri na tarehe. Kanisa hilo ndilo linalomjulisha mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na, kwa mkutano wa hadhara, polisi. Kuingia makazi ya wakimbizi kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, na kibali hicho huombwa wiki kadhaa kabla. Timu iliyofika getini Nakivale bila kibali hurudishwa, hata ikiomba kwa bidii namna gani pale pale getini.

Jambo moja la kalenda: tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi, na Namugongo, karibu na Kampala, hupokea mahujaji wengi sana, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Kama hija siyo shabaha yenu, msipange kufika Kampala siku hizo. Vyumba hujaa na barabara hufungwa.

## Siku za kwanza

6. Nina dakika 15 tu asubuhi. Nizitumieje?

Weka alamu dakika ishirini kabla ya wenzako. Usiwashe data. Kunywa nusu lita ya maji safi, kisha:

Dakika tatu kaa kimya, usiombe chochote. Dakika sita soma aya tano hadi nane za Wafilipi, mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Tunapendekeza barua hiyo kwa sababu ina sura nne tu na iliandikwa na mtu aliyekuwa kifungoni. Dakika nne omba kwa majina: mmoja wa timu, mwenyeji mmoja, mmoja wa nyumbani. Zilizobaki andika mstari mmoja kwenye daftari: leo naogopa nini? Mstari huo utautumia jioni (swali la 17).

Makosa yanayojirudia ni haya. Mtu aliyezoea saa nzima nyumbani hujaribu saa nzima siku ya kwanza, ya pili anachelewa kuamka, ya tatu anajihukumu, ya nne hafungui Biblia kabisa. Afadhali robo saa isiyokatika.

7. Tunalala wanane chumba kimoja. Nitapata wapi faragha?

Usiondoke uani peke yako gizani kutafuta mahali pa kuombea. Mgeni anayetembea vichakani saa kumi na moja alfajiri huwatia wenyeji wasiwasi, na kuna nyoka. Mwulize mwenyeji. Karibu kila kanisa lina mtu mwenye ufunguo, na wengi hufurahi kufungua mapema. Wengine hukaa ndani ya gari la timu. Ikishindikana kabisa, jifunike shuka kichwani. Balokole, yaani walokole wa uamsho wa Uganda, wamelea vizazi katika nyumba za chumba kimoja, na hawakuacha kuomba kwa kukosa chumba cha pili.

8. Kwa nini siku ya tatu au ya nne huwa ngumu hivi? Nahisi Mungu ameniacha.

Swali hili huja karibu kila safari, na karibu kila mara linaanzia mwilini. Siku mbili za kwanza msisimko unakubeba. Ya tatu deni la usingizi limefika. Umekunywa maji nusu ya unayohitaji kwa kuogopa choo. Posho (ugali wa Uganda) na matoke bila mboga vimefunga tumbo, au rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, imelifungua. Sauti imekauka kwa kuimba. Halafu unamtazama mwenzako anayecheka na watoto, unaamua kwamba yeye ana imani na wewe huna.

Soma 1 Wafalme 19 polepole. Eliya ameomba kufa. Anachopewa kwanza ni usingizi chini ya mretemu, mkate na maji, usingizi tena, mkate na maji tena. Swali la "unafanya nini hapa?" halimfikii mpaka amevuka yote hayo na kufika Horebu. Wahubiri wengi hukimbilia ile sauti ndogo wakaruka mkate.

Kwa hiyo usiku wa siku ya tatu timu isipange mkutano. Kulala ni saa tatu usiku. Siku ya nne kila mtu anywe lita tatu za maji yaliyotiwa dawa au yaliyochemka kwa dakika moja kamili. Aliyetoka jasho sana au anayeharisha atumie pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) katika lita moja. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pima, usikisie. Nunua maparachichi na ndizi mbivu sokoni, ni za bei nafuu karibu kila mahali.

Na siku hiyo usiamue lolote kubwa: kuacha huduma, kuvunja uchumba, kurudi nyumbani. Subiri ulale mara mbili.

9. Nitajuaje kama ni ugonjwa au ni vita vya kiroho?

Pima kwanza. Homa, baridi, kichwa kuuma, viungo kulegea: nenda zahanati ukapate kipimo cha haraka cha malaria siku hiyo hiyo, kisha uombewe ukiwa unasubiri majibu. Hakuna anayepungukiwa imani kwa kutoboa kidole.

Malaria huchukua kama siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi dalili. Homa ya siku ya tatu, basi, si ya mbu wa jana, lakini yaweza kuwa umetoka nayo nyumbani. Wanaotoka Nairobi au nyanda za juu zenye baridi wakumbuke kwamba miili yao haina kinga ya mtu aliyekulia Lira au Soroti. Ukikutwa na vimelea ukapewa dawa mseto, maliza dozi zote sita za siku tatu, kila moja pamoja na chakula.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Meflokwini, ile dawa ya kinga inayomezwa mara moja kwa wiki, inajulikana kwa kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni. Kuna watu wamekemewa pepo usiku kucha kumbe tatizo lilikuwa kidonge. Ukianza kuota vibaya baada ya kuimeza, mwambie daktari, akubadilishie. Daima ianzwe wiki mbili au zaidi kabla ya safari, ili madhara yajulikane ukiwa bado kwenu.

Hatusemi vita vya kiroho havipo. Tunasema usimpe shetani sifa ya kazi ya mbu.

10. Ibada huchukua saa nne, kwa lugha nisiyoijua. Nimekaa kama gogo. Nifanye nini?

Tafuta andiko linalosomwa, mwulize jirani kwa ishara, ulifungue kwa Kiswahili na kubaki humo. Nyimbo nyingi utazitambua kwa tuni. Tukutendereza ya Kiluganda imevuka mipaka yote ya Afrika Mashariki tangu uamsho wa miaka ya 1930, na kibwagizo chake unaweza kukishika kwa dakika tano.

## Kazini pamoja na wenyeji

11. Kiswahili changu kitanifikisha wapi Uganda?

Inategemea ulipo. Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja, ambako Wakongo ni wengi, utahubiri kwa Kiswahili bila mkalimani. Utasikia "aksanti" na "mu kanisa". Usiwasahihishe, hicho ni Kiswahili chao. Kaskazini na mipakani kinaeleweka kwa wengi.

Buganda ni habari nyingine. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi kilibaki kuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni, lakini kumbukumbu haifutwi kwa tangazo. Anza na salamu ya asubuhi, "Wasuze otya nno, ssebo" (kwa mwanamume) au "nnyabo" (kwa mwanamke), sema "webale nnyo" (asante sana), kisha uliza kama unaweza kuendelea kwa Kiswahili. Ukiona mama anapiga magoti kukusalimu, usimwinue kwa mkono. Inama, itikia kwa utulivu. Ni adabu yake.

12. Nimeambiwa nihubiri, na ibada inaanza baada ya dakika kumi!

Hii si ajali, Uganda mgeni huombwa "asalimie kanisa" na salamu hugeuka mahubiri. Uwe na ushuhuda wa dakika tatu tayari tangu nyumbani: nilikuwa vipi, nini kilitokea, leo nikoje, andiko moja. Usianze na maisha yako ya dhambi kwa urefu. Mkalimani ataona aibu kutafsiri, na watoto wako mstari wa mbele.

Ukitumia mkalimani, dakika kumi huwa ishirini. Sema sentensi fupi, maana moja kila moja, kisha nyamaza. Mpe maandiko kabla. Epuka methali na mizaha ya kwenu, huwa haivuki. Hofu yenyewe haitaondoka, na haihitaji kuondoka: 2 Wakorintho 12:9 haimwahidi Paulo kwamba udhaifu utakwisha.

13. Nimekuja kuwatia moyo, lakini imani yao imenizidi. Nina kazi gani hapa?

Umeanza kuona vizuri. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879. Kufikia 1886 vijana wa ikulu walikuwa tayari wanachomwa moto Namugongo kwa kukataa kumkana Kristo. Orodha ya mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887 ina Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 chini ya Amin, na tarehe 16 Februari sasa ni sikukuu ya taifa.

Nchi hii ilituma pia, haikupokea tu. Apolo Kivebulaya, Muganda, alifika Boga, Kongo ya leo, mwaka 1896, akapigwa, akarudi, akafanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 1933. Ukienda makazi ya Wakongo, huenda unahubiria wajukuu wa waliobatizwa kwa kazi yake. Katika sensa ya 2014 zaidi ya watu wanane kati ya kumi walijitaja kuwa Wakristo wa dhehebu moja au jingine. Hukuleta Mungu kwenye begi.

Kazi yako, basi, ni nusu ya kupokea. Kila siku mwombe mwenyeji mmoja akuombee wewe, kwa lugha yake, usielewe hata neno. Wageni wengi husema hapo ndipo walipotiwa nguvu, na ni jambo ambalo halimo kwenye ratiba ya mtu yeyote.

14. Watu wananiomba pesa, na moyo unaniuma. Nikatae nikiwa Mkristo?

Usitoe fedha mkononi, hasa mbele za watu. Ukimpa mmoja ada ya shule saa tatu, saa tano wako kumi na wawili, na mchungaji atabaki akiulizwa wewe ukishavuka mpaka. Sema wazi: "Sina fedha ya kutoa, lakini nitamweleza mchungaji shida yako leo." Kisha mweleze kweli. Timu ikitaka kusaidia, iunganishe michango na kuikabidhi kwa kamati ya kanisa, kwa maandishi, siku ya mwisho.

Jihadhari na "tutaona". Kwenu huenda ni njia ya upole ya kukataa. Kwa anayeisikia ni ahadi.

15. Mkimbizi amenisimulia mambo mazito mno. Sasa siwezi kuomba wala kulala.

Kwake: sikiliza, usiulize namna ilivyotokea, usiseme kwamba Mungu alikuwa na makusudi. Zaburi 88 inaishia gizani bila faraja yoyote na bado imo katika Maandiko. Unaweza kumsomea, au kukaa naye tu. Akigusia kwamba mtoto anadhurika sasa hivi, usianze uchunguzi wako. Mwambie kiongozi siku hiyo hiyo, naye apeleke kwa wahusika wa ulinzi wa watoto katika makazi. Sauti, namba ya bure 116, hupokea taarifa hizo nchi nzima.

Kwako: usibebe peke yako hadi Jumapili. Mwambie mtu mmoja wa timu jioni hiyo, bila jina wala picha ya msimuliaji. Omba kwa maneno ya zaburi hiyo hiyo kama yako yamekwisha. Ukiendelea kukosa usingizi au kurudiwa na picha wiki kadhaa baada ya kurudi, ona mshauri nasaha.

16. Tulimwombea mgonjwa, na hakupona. Watu wanatutazama.

Msitafute wa kulaumiwa, si yeye, si familia, si mwanatimu aliyekuwa na shaka. Rudini kesho yake kumwona. Timu nyingi hukwepa nyumba hiyo kwa aibu, na kukwepa huko ndiko kunakoumiza.

Kanuni moja haina mjadala: asiwepo wa kumwambia mtu aache dawa, iwe ARV, ya kifua kikuu, ya kifafa au ya sukari. Anayesema amepona apimwe na daktari wake akiwa bado anazimeza.

## Ndani ya timu

17. Kikao cha jioni kiendeshweje kisiwe mahubiri mengine?

Dakika thelathini, kwa kuangalia saa. Kila mtu anasoma mstari wake wa asubuhi (swali la 6) na kusema kilichotokea, dakika mbili kila mmoja, bila kujibiwa. Kisha wawili wawili wanaombeana. Kiongozi awe wa mwisho kusema, maana akianza na ushindi wengine wote wataficha hofu zao.

18. Tumegombana, na kesho tunahubiri upendo.

Wawili hao wakutane kabla ya kulala, na mtu wa tatu kama hawaelewani. Zungumzeni tendo: "Ulinikatiza mbele ya wazee." Msipitie maombini kusemana. "Bwana, mguse mtu anayejiona" si ombi.

Ikishindikana, wapangwe kazi tofauti, bila maigizo. Paulo na Barnaba walitengana katika Matendo 15 na injili ikaenda pande mbili.

19. Timu yetu ina Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste. Tuombeje?

Zaburi, Sala ya Bwana na kimya vinatosha kwa wote. Kunena kwa lugha na rozari vibaki katika muda wa kila mtu. Jumapili fuateni kanisa mwenyeji, na suala la nani ashiriki meza ya Bwana mwulize kiongozi wa kanisa hilo kabla ya ibada kuanza.

## Mambo yasiyo ya kawaida

20. Katikati ya safari nimegundua siamini tena. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha si siku ya tatu (swali la 8) wala dawa (swali la 9). Kama bado, mwambie kiongozi faraghani, uondolewe mimbarini na kufundisha. Usiigize. Endelea na kazi za mikono, unaweza kuchota maji kwa uaminifu ukiwa na shaka. Kiongozi naye asikuitie maombezi ya hadhara, na asimwambie mchungaji wako wa nyumbani bila ruhusa yako.

21. Nimepata habari ya msiba nyumbani.

Mtu mmoja akae nawe, mwingine ashughulikie usafiri, kiongozi azungumze na familia. Ukiamua kurudi, usisindikizwe na aya ya kuweka mkono kwenye jembe. Ukishindwa kuwahi maziko, waambie wenyeji. Makanisa ya Uganda yanajua kukaa na mfiwa, na watakuja usiku huo huo.

22. Nikirudi kabla ya wengine, nimeshindwa?

Yohana Marko aliiacha safari huko Perge (Matendo 13:13), wakubwa wakagombana kwa ajili yake, na miaka baadaye Paulo akaagiza aletwe kwa kuwa anafaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Rudi kwa utaratibu: waage wenyeji ana kwa ana, usiondoke kimyakimya alfajiri.

## Ukisharudi

23. Wiki mbili zimepita, na nyumbani kila kitu kimepoa. Ule moto ulikuwa wa kweli?

Huenda sehemu yake ilikuwa kuwa mbali na bili, foleni na bosi. Waliotumwa katika Luka 10 walirudi wakifurahia walichofanya, na Yesu akawageuzia furaha yao kwenye jambo lisilotegemea safari: majina yao yameandikwa mbinguni. Rudia zile dakika 15 kwa siku arobaini kabla ya kujihukumu. Toa ushuhuda kanisani baada ya wiki tatu, usitoe Jumapili ya kwanza. Utakuwa umeshapunguza chumvi.

24. Niliahidi vitu. Sasa siwezi kuvitimiza.

Piga simu mwezi huo huo, mwambie mchungaji mwenyeji ukweli na ni kiasi gani unachoweza. Shilingi kidogo iliyosemwa wazi haimwaibishi mtu. Picha ulizoahidi kutuma, tuma. Hizo hazigharimu kitu, na ndizo zinazosahaulika zaidi.

25. Nimepata homa wiki ya tatu baada ya kurudi. Ni uchovu tu?

Usidhani hivyo. Hapa ndipo malaria ya safari hujitokeza. Nenda kapimwe siku hiyo na umwambie daktari kwamba ulikuwa Uganda na tarehe ulizokuwepo. Dawa za kinga zinaendelea baada ya kurudi: doksisaiklini na meflokwini wiki nne, atovakwoni-proguanili siku saba. Wengi huziacha wakifika mlangoni kwao.